Ni fitina za dini na siasa ndizo zilizowahamisha wafanyabiashara, au njia walizokuwa nazo tayari?

Mwalimu wa Isevya (mleta mada)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote, na wakubwa shikamooni.

Nafundisha historia katika sekondari moja hapa Tabora mjini. Wiki iliyopita niliwapeleka wanafunzi wangu Kwihara, kwenye tembe ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani. Tulipokuwa tumesimama mbele ya mlango wa mbao uliochongwa, binti mmoja wa kidato cha pili akaniuliza: "Mwalimu, mtu aliyezaliwa Oman aliona nini huko kwao hata akaja kujenga nyumba ya udongo huku kwetu?" Nilimjibu kama vitabu vinavyojibu, kwamba walifuata pembe za ndovu na biashara ya watumwa. Jibu hilo si la uongo. Hata hivyo, njiani wakati wa kurudi nililitafakari nikaona halijitoshelezi, kwa sababu pembe zinaeleza kwa nini mfanyabiashara alikuja, lakini hazielezi kwa nini wengine hawakurudi kwao hata baada ya kuzipata.

Wengi wetu tunajua kwamba Kazeh, ambayo ndiyo chimbuko la mji huu, ilianza kukaliwa na wafanyabiashara wa pwani na wa Oman katika miaka ya 1850, na kwamba Burton na Speke walipofika Novemba 1857, baada ya safari ya zaidi ya miezi 4 kutoka pwani, walipokewa na Snay bin Amir, mtu wa kabila la Al-Harth. Jina hilo la kabila ndilo linalonisumbua. Wa-Harth walikuwa Unguja kabla Seyyid Said, Sultani wa Oman, hajaifanya makao yake, na uhusiano wao na ukoo wake wa Busaidi haukuwa mtulivu. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856 wanawe wakagombea urithi, na mwaka 1859 Wa-Harth wakamuunga mkono Barghash dhidi ya ndugu yake Majid. Waingereza wakaingilia kati, uasi ukazimwa, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Oman nako hakukuwa shwari, kwani ugomvi kati ya wale waliotaka Imamu wa madhehebu yao ya Kiibadhi achaguliwe na wanazuoni na wale waliotaka utawala wa kurithishana ulikuwa wa vizazi vingi, na mwaka 1868 ulizuka tena hadi Imamu Azzan bin Qais akashika Muscat.

Nauliza mambo mawili. La kwanza, tuyape machafuko ya namna hii uzito gani tunapoeleza kuhama kwa jamii za wafanyabiashara? La pili, ambalo kwangu ni gumu zaidi: kwa nini mara nyingi mfanyabiashara huondoka kabla ya mkulima, ilhali ndiye mwenye mali nyingi zaidi ya kupoteza?

Mzee wa Mwalo

Marahaba, Mwalimu. Mimi ni mkazi wa Ujiji, nimefanya biashara ya dagaa, mawese na vitenge tangu ujana wangu, na nitajibu swali lako la pili kwa jambo nililoliona kwa macho yangu.

Mwaka 1996 ulikuwa mwaka mzito kwetu sisi wa ziwani. Mwezi Julai Buyoya alichukua madaraka Burundi kwa mara ya pili, nchi za jirani zikaiwekea Burundi vikwazo, na mizigo iliyokuwa ikipita bandari ya Kigoma kwenda Bujumbura ikasimama. Mwezi Oktoba vita vikaanza Zaire, yaani Kongo ya leo, na mji wa Uvira ulio ng'ambo ya ziwa ukaanguka kabla mwezi huo haujaisha. Kuanzia hapo mwalo wa Kibirizi haukulala. Boti za mbao zilikuwa zikiingia usiku na mchana zikiwa zimejaa watu hadi ukingo unagusana na maji, na wengi wao hawakuwa na kitu zaidi ya sufuria na watoto.

Ila katikati ya Septemba, wiki kadhaa kabla ya wimbi lile, alikwisha kufika mtu mmoja wa Uvira ambaye nilikuwa nikinunua kwake vitenge kwa mali kauli. Alishuka na marobota 2 tu, yeye ambaye duka lake lilikuwa limejaa majora hadi darini. Nikamuuliza kulikoni. Hakusema habari za bunduki hata kidogo. Alisema: "Watu wameacha kulipa." Akatoa mfukoni daftari la shule, lile la kurasa 48, lililofungwa kwa uzi wa nyavu, akanionyesha. Kila ukurasa ulikuwa na jina, idadi ya majora, tarehe ya kuchukua na tarehe za marejesho. Kuanzia mwezi Julai safu ya marejesho ilikuwa tupu karibu kwa kila mtu wa Uvira na Bukavu. Hawakuwa wamefilisika. Kila mmoja aliona giza mbele, akaamua kushika fedha yake mkononi, kwa sababu huenda mdai wake kesho asingekuwapo.

Hiyo ndiyo sababu, Mwalimu, ya mfanyabiashara kutangulia. Mkulima huiona vita inapofika shambani kwake, lakini mfanyabiashara huiona kwenye daftari miezi mitatu kabla.

Na nilipofungua kurasa za mwisho nikaona kwa nini alikuja Kigoma, akaacha kwenda Lubumbashi ambako alikuwa na mjomba wake. Kurasa kama kumi zilikuwa za wadaiwa wa Kigoma, Ujiji na Mwandiga, na sisi tulikuwa bado tunalipa. Alifuata fedha yake ilikokuwa hai.

Binti Unyanyembe

Shikamoo mzee, nakushukuru kwa ushuhuda huo, na naomba niupeleke mbali kidogo, kwa sababu nimekuwa nikisoma habari za miji ya biashara ya Ulaya na Mashariki ya Kati kwa miaka kadhaa, na daftari lako limenifumbua macho.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua ni wa Antwerp, katika Ubelgiji ya leo. Katikati ya karne ya 16 huo ulikuwa mji mkuu wa biashara wa Ulaya kaskazini, na pilipili ya Wareno, shaba ya Ujerumani na nguo za Uingereza zote zilikutana pale. Kisha ukaja ugomvi wa Wakatoliki na Waprotestanti, na juu yake uasi dhidi ya mfalme wa Hispania. Mwaka 1576 askari wa Hispania ambao hawakuwa wamelipwa mishahara waliuvamia mji na kuupora, na mwaka 1585, baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, ukasalimu amri kwa jemadari wa Hispania, Alessandro Farnese. Yeye hakuwachinja Waprotestanti. Aliwapa miaka 4, ama warudi kwenye Ukatoliki ama wauze mali yao na kuondoka. Mwaka 1589 mji uliokuwa na watu zaidi ya 80,000 ulikuwa umebakiwa na takriban nusu yao.

Ukiitazama miaka hiyo 4 kwa jicho la Mzee wa Mwalo utaiona kuwa ni muda wa kufunga madaftari. Watu walipata nafasi ya kukusanya madeni, kuuza nyumba (kwa bei ya kutupa, bila shaka, kwa sababu kila mtu alikuwa muuzaji) na kuwatanguliza ndugu. Wengi walikwenda Amsterdam, Middelburg, Hamburg na London, na hakuna hata mmoja katika miji hiyo uliokuwa mgeni kwao, kwani tayari walikuwa na mawakala huko. Mwaka 1602, Wadachi walipounda kampuni yao ya biashara ya Mashariki, fedha nyingi iliyowekwa ndani yake Amsterdam ilitoka kwa wahamiaji wa kusini. Mtaji wa Antwerp ulihama pamoja na wenyewe, na haukurudi.

Linganisheni na Ufaransa miaka 100 baadaye. Amri ya Nantes ya mwaka 1598 ilikuwa imewapa Waprotestanti, yaani Wahugenoti, haki ya kuabudu. Mfalme Louis wa 14 akaifuta Oktoba 1685. Wachungaji walipewa wiki 2 waondoke, lakini waumini wa kawaida walikatazwa kabisa kutoka nchini, na mwanamume aliyekamatwa mpakani alipelekwa kupiga makasia katika merikebu za mfalme. Pamoja na tishio hilo inakadiriwa watu wapatao 200,000 walitoroka. Aliyekuwa na shamba la mizabibu aliliacha. Fundi wa hariri alikuwa na kazi yake mikononi, na mfanyabiashara alikuwa na hati za malipo ambazo zingeweza kupokewa Amsterdam, London au Geneva. Hati hizo zilikuwa karatasi nyepesi, na mtu angeweza kuzishonea ndani ya koti. Mtawala wa Brandenburg alitoa amri ya kuwakaribisha mwaka huo huo, na takriban 20,000 walikwenda kwake.

Nina mifano miwili ya karibu zaidi na desturi zetu, na nitaipita haraka. Katika karne ya 11 mtawala wa Kairouan, katika Tunisia ya leo, aliacha utii kwa Makhalifa wa Kifatimi wa Misri, waliokuwa Mashia, akawageukia Waabbasi wa Baghdad, na matokeo yake makabila ya Banu Hilal yakaelekezwa kwake. Mji ukaporwa mwaka 1057, na wafanyabiashara wake, Waislamu na Wayahudi, wakatawanyika kuelekea Mahdia, Palermo na Fustat. Na David Sassoon, Myahudi wa Baghdad, alikimbia ukandamizaji wa Dawud Pasha mnamo mwaka 1829, akapitia Bushehr, akafika Bombay mwaka 1832. Bushehr na Bombay zote zilikuwa katika njia ya biashara ya Ghuba ambayo watu wa Baghdad waliifahamu vizuri.

Kwa hiyo, Mwalimu, swali lako la kwanza ningelijibu hivi: machafuko ndiyo yanayoamua siku ya kuondoka, na biashara iliyokuwapo tayari ndiyo inayoamua upande wa kuelekea. Anayeeleza moja bila jingine atakuwa amemwambia mwanafunzi nusu ya habari.

Naongeza jambo moja ambalo sitaki lisahaulike. Wapo waliohamishwa kwa nguvu kwa sababu hasa ya biashara yao. Shah Abbas wa Uajemi, alipokuwa akipigana na Waothmani mwaka 1604, aliuhamisha mji mzima wa Waarmenia, Julfa, akauchoma nyuma yao ili adui asiutumie, kisha akawajengea mtaa mpya kando ya Isfahan na kuwapa nafasi kubwa katika biashara ya hariri. Wengi wa wale waliohamishwa katika misafara ile walikufa njiani. Waliofika wakatajirika. Karne moja baadaye Waafghani walipoiteka Isfahan mwaka 1722, na kisha Nadir Shah akawakamua kwa kodi, wajukuu wao wakahama tena, safari hii kwenda India, Urusi na Venice, kote ambako tayari walikuwa na maduka.

Mjukuu wa Kwikuru

Nimesoma kwa makini, na sina ugomvi na yaliyosemwa kuhusu Ulaya. Lakini naomba tusiipakae historia ya Tabora rangi ya huruma isiyoistahili. Wa-Harth wa Kazeh hawakuwa Wahugenoti.

Kwanza ni suala la deni, na hapa nakubaliana na mzee kwa njia ya kinyume. Biashara yote ya bara iliendeshwa kwa mikopo ya matajiri wa Kihindi wa Unguja. Tippu Tip mwenyewe, yule mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa, alitoka na mali ya Tharia Topan, mmoja wa matajiri hao. Mtu alichukua nguo za merikani na kaniki, shanga na bunduki, akaahidi pembe, na kama pembe hazikupatikana au bei ilimgeuka, kurudi pwani kulikuwa na maana ya kukabiliana na mdai. Wengine walibaki Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora, au wakavuka ziwa hadi Manyema, mashariki mwa Kongo, kwa sababu huko mdai hakuweza kuwafikia. Kwa hiyo Mwalimu anapouliza kwa nini hawakurudi, sehemu ya jibu ni kwamba waliogopa kurudi, na hofu hiyo haikuwa na uhusiano na Imamu wala Sultani.

Pili, na hili ndilo ninalolisemea kwa uchungu, walioleta machafuko hapa ni wafanyabiashara wenyewe. Mtemi Fundikira aliwapokea, wakaishi naye vizuri. Baba yake Tippu Tip, Muhammad bin Juma, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, na ndoa hiyo ilimpa usalama ambao mali peke yake isingempa. Fundikira alipofariki mwaka 1858 akatawala Mnywa Sele, naye akadai kodi kwa mali iliyoingia nchini mwake, jambo ambalo mtawala yeyote duniani ana haki nalo. Wafanyabiashara wakakataa, wakampindua kwa bunduki, wakamweka Mkasiwa. Mnywa Sele alipigana msituni hadi alipouawa mwaka 1865. Snay bin Amir, yule mwenyeji mkarimu wa Burton, alifia katika vita hivyo. Miaka 6 baada ya kifo cha Mnywa Sele, Mirambo wa Urambo akafunga njia ya Ujiji, na Agosti 1871 akashambulia na kuchoma sehemu ya makazi yao. Stanley, aliyekuwa ameingia vitani upande wa Waarabu, ilimbidi azunguke mbali kusini ili amfikie Livingstone Ujiji.

Katika hayo yote, nani alihama? Walihama wanavijiji wa Unyanyembe, na vitabu havikuandika majina yao. Na kuna waliohamishwa wakiwa wamefungwa minyororo, ambao wale matajiri waliwaandika katika madaftari kama bidhaa. Tukiwafundisha watoto kwamba mfanyabiashara ni mkimbizi, tuwaambie pia kwamba alijiletea ukimbizi mwenyewe mara nyingine, na aliusababisha kwa wengine mara nyingi zaidi.

Mzee wa Mwalo

Mjukuu wangu, umesema kweli, na sisi wa Ujiji ndio wa kwanza kuikubali, kwa sababu wengi wetu ni uzao wa pande zote mbili za habari hiyo.

Mwaka 1892 hadi 1894 majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji yaliwapiga wafanyabiashara wa Manyema. Sefu, mtoto wa Tippu Tip, aliuawa mwaka 1893, na Rumaliza, mfanyabiashara mwenzao wa Ujiji, akashindwa Januari 1894 akarudi upande huu wa ziwa. Hakurudi peke yake. Tangu miaka ile ya misafara, na zaidi baada ya vita hivyo, walivuka watu wa kila namna: askari wake, wapagazi, wake, watumwa, mafundi wa mitumbwi. Ndiyo maana hadi leo Ujiji ukimuuliza mtu asili yake atakwambia Mmanyema, Mbwari, Mgoma au Mholoholo, na wote hao wana asili ya ng'ambo. Bibi yangu aliyenilea alikuwa Mmanyema. Hakupenda kueleza babu zake walivukaje, na sisi tulijifunza kutomuuliza.

Aliyevuka akiwa tajiri na aliyevuka akiwa amefungwa walizikwa makaburi yale yale. Nakubali kwamba ni lazima wote wawili watajwe darasani.

Mtoto wa Fundi Cherehani

Naomba niingie kwa jambo la karibu zaidi, kwa sababu mada imekaa sana karne ya 19 ilhali hapa Tabora tumeliona tukiwa hai.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi cherehani katika baraza la duka la nguo la Mhindi mmoja mjini. Mwenye duka alizaliwa hapa hapa; babu yake ndiye aliyetoka Kutch. Walikuwa Khoja, na baba alikuwa akisimulia kwamba familia ile ilikuwa na ndugu Ismailia na ndugu Ithnaasheri ambao hawakusali pamoja, kwa mgawanyiko ulioanza India, katika ugomvi wa utii kwa Aga Khan uliofika hadi mahakama ya Bombay mwaka 1866. Ugomvi wa kidini ulikuwa umewafuata hadi huku Tabora, lakini kwenye biashara walikopeshana kama kawaida.

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 benki na biashara kubwa za nje zilitaifishwa, lakini duka liliendelea. Kilichowavunja ni Aprili 1971, serikali ilipotwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Jengo lao lilikuwa na duka chini, familia juu, na vyumba vya nyuma vya wapangaji. Likawa la Msajili wa Majumba, na kwa kuwa lilikuwa limejengwa zaidi ya miaka 10 kabla, hapakuwa na fidia. Mwezi uliofuata yule mzee alianza kulipa kodi ya nyumba aliyoijenga baba yake. Ninaelewa kwa nini sheria ile ilitungwa, nami nilisoma bure kwa siasa ile ile, wala siiandiki hapa ili niilaumu. Naeleza tu nilichokiona.

Hawakuondoka mara moja. Walikuwa na ndugu Kampala, na Agosti 1972 Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90. Ndugu yule, mwenye pasi ya Kiingereza, alikwenda Uingereza pamoja na wengine wapatao 27,000, akafikia Leicester. Hapo ndipo njia ya familia ya Tabora ilipofunguka. Kabla ya siku ile wangeweza kukasirika lakini wasingekuwa na pa kwenda.

Na hapa ndipo daftari la Mzee wa Mwalo linaponigusa. Walificha kuondoka kwao. Kwa miezi mingi hawakuagiza mzigo mpya, na baba aliona kwamba majora kwenye rafu yanasogezwa mbele, mbele, ili mteja asigundue kuwa nyuma hakuna kitu. Habari zilipovuja, wadaiwa wakaacha kulipa, wakubwa kwa wadogo, na baadhi yao walikuwa watu wenye uwezo na heshima mjini. Siku ya mwisho mwenye duka alimwachia baba cherehani aliyokuwa akiitumia kwa kukodi, na ile fimbo ya mbao ya kupimia kitambaa, ambayo pembeni ilikuwa imelika kwa vidole vya watu watatu, babu, baba na mwana. Fimbo hiyo ninayo. Wakapanda treni ya jioni kwenda Dar es Salaam.

Baba alibaki na baraza, lakini duka la nyuma yake lilikuwa limefungwa, hivyo hapakuwa na kitambaa cha kushona. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, na hata maduka madogo ya watu binafsi yakafungwa. Alihamia kijijini.

Mwalimu wa Isevya (mleta mada)

Nimewasoma wote zaidi ya mara moja, na nawashukuru kwa dhati. Mjukuu wa Kwikuru amenisahihisha mahali nilipohitaji kusahihishwa, nami sitamrudia yule binti bila kumtaja Mnywa Sele na wale waliofungwa minyororo. Maneno ya Binti Unyanyembe, kwamba machafuko huamua siku na biashara huamua upande, nitayaandika ubaoni, kisha nitawaomba wanafunzi wayapime kwa habari ya Wa-Harth na kwa habari ya lile duka la nguo, waseme yanatosha wapi na yanapungua wapi.

Mzee wa Mwalo, nina swali moja limebaki, kama hutajali. Yule bwana wa Uvira, ilikuwaje mwisho wake?

Mzee wa Mwalo

Sijali hata kidogo, Mwalimu.

Alikaa Kigoma miaka 7. Alianza kwa kukusanya yale madeni ya kurasa za mwisho, kidogo kidogo, na kwa fedha hiyo akapanga chumba cha mbele Mwanga, akafungua genge la vitenge. Hakuwahi kujenga. Kila aliposhauriwa anunue kiwanja alisema kiwanja hakipandi boti. Hali ilipotulia akarudi Uvira, na duka lake alilikuta kuta tu, hata mabati yalikuwa yamekwenda.

Siku alipoondoka Kibirizi alikuwa na daftari jingine, jipya, lenye majina ya watu wa huku tu. Jina langu lilikuwamo, kwa majora 3. Nilimpelekea fedha kwa nahodha mmoja tunayemwamini sote, mafungu manne, na la mwisho lilifika wiki moja kabla ya Iddi. Akanirudishia ukurasa wenyewe, ameukata kwa wembe, umepigwa mstari.

Ninao kabatini pamoja na hati ya nyumba.